Kondoo Mwekundu wa Diani na Waliomhesabia Mayai

Kati ya mwaka 1991 na 1996, huko Diani, kusini ya kivuko cha Likoni, palikuwa na kundi la kondoo ambao pengine walichunguzwa mavi kuliko kondoo wengine wowote wa mwambao huu. Walipozaliwa walipimwa uzito na kuvikwa hereni za namba. Walipoachishwa kunyonya walipimwa tena. Baada ya hapo, wiki hadi wiki, baadhi yao walikamatwa, wakatolewa damu na kinyesi, kisha wakarudishwa malishoni kuendelea na kazi waliyopangiwa, yaani kula majani pamoja na minyoo iliyomo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao hasa. Mfugaji wa kawaida akiona kondoo wake wamekonda na ukope umepauka, hukimbilia dawa. Pale shambani dawa ilikuwepo, lakini ilisubirishwa. Kundi dogo la kondoo wa mfano lilifuatiliwa kwa karibu, na idadi ya mayai ya minyoo katika kinyesi chao ikifika kiwango kilichowekwa, kondoo wote walipimwa, na baada ya vipimo ndipo wakanyweshwa dawa. Anayependa wanyama anaweza kuona ni ukatili kidogo. Ila kama kila kondoo angenyweshwa dawa mapema, wote wangeonekana sawa, na swali lililowaleta watafiti Diani lingebaki palepale: katika nchi yenye joto na unyevu kama hii, ni mbari ipi ya kondoo inayoweza kujitetea yenyewe?

Aliyeongoza utafiti huo ni R. Leyden Baker, mtaalamu wa jenetiki ya mifugo kutoka New Zealand. Kabla ya kuja Kenya alikuwa mtafiti wa kituo cha Ruakura, karibu na mji wa Hamilton, ambako jina lake liko katika tafiti ndefu za kulinganisha mbari za ng'ombe wa nyama. New Zealand ni nchi ya kondoo kwelikweli, lakini kondoo wote wa huko ni wageni. James Cook aliwashusha wawili mwaka 1773, nao wakafa baada ya siku chache tu. Waliofuata walisafirishwa kutoka ng'ambo mbari baada ya mbari, na wenyeji wa huko hawakuwahi kuwa na kondoo wao wa kale wa kuwatetea. Mtu aliyelelewa katika taaluma ya namna hiyo hana sababu ya kumwonea huruma kondoo wa kienyeji kwa kuwa ni wa kienyeji. Kwangu mimi hilo linaupa ushahidi wake uzito zaidi.

Mshindani wa kwanza alikuwa kondoo mwekundu wa Kimaasai. Wengi tumemwona bila kumtazama. Ni mwenye rangi ya udongo wa Kajiado, manyoya mafupi yasiyofaa kufumia sweta, na mkia mnene uliojaa mafuta. Kwa Wamaasai mafuta hayo si kitoweo tu. Mama aliyejifungua huyahitaji, na mgonjwa vilevile. Sokoni, hata hivyo, mwekundu hana makuu. Mwili wake ni mdogo, na mchuuzi anayenunua kwa kukadiria kilo kwa macho hampi bei ya kujivunia.

Mshindani wa pili alikuwa Dorper, mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe uliojaa nyama. Alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo aitwaye Blackhead Persian. Jina hilo la pili linapotosha, maana kondoo huyo hana nasaba na Uajemi. Asili yake ni kondoo weupe wenye vichwa vyeusi wa Somalia, waliofika kusini kwa meli katika karne ya 19. Kwa hiyo huyu tunayemwita kondoo wa kigeni ana nusu ya damu yake kutoka pembe hii hii ya Afrika. Alishuka hadi kusini mwa bara kwa njia ya bahari, akaoa Mzungu, akarudi nyumbani akiwa na bei kubwa zaidi.

Na aliporudi alipokelewa kwa shangwe. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo wekundu walijaa katika nchi za wafugaji wa Kenya, na inakadiriwa kuwa walikuwa milioni kadhaa. Ndipo ukaja mpango wa kusambaza Dorper kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku. Mfugaji alipata dume kubwa, akalipandisha kwa majike yake wekundu, na chotara wa kwanza wakatoka wazuri ajabu: wazito kama baba, wagumu kama mama. Akafurahi, akarudia. Akapandisha chotara kwa Dorper, na watoto wao kwa Dorper tena. Hakuna aliyemwelekeza namna ya kuendesha uzalishaji wa chotara bila kuimaliza mbari ya mama. Baada ya vizazi vitatu au vinne zizi lilikuwa na kondoo karibu Dorper kamili, na ule ugumu ukawa umebaki kwa bibi zao waliokwisha kuchinjwa.

Adui aliyewasubiri ni mnyoo aitwaye Haemonchus contortus. Huishi katika tumbo la nne la kondoo, ambalo ndilo linalomeng'enya chakula kwa asidi, na riziki yake ni damu. Jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na mvua ikinyesha huanguliwa, viluwiluwi vikapanda kwenye majani yenye umande na kuliwa na kondoo mwingine, au huyo huyo. Penye joto na unyevu, kama Pwani wakati wa masika, mzunguko huo hukamilika kwa wiki chache. Kondoo mwenye minyoo mingi huishiwa damu, hupata uvimbe chini ya taya, na mwanakondoo anaweza kufa akiwa bado ana umbo la kuridhisha.

Dalili kwamba mwekundu ana siri yake zilikuwapo mapema. Mwaka 1979 watafiti wawili, Preston na Allonby, walichapisha matokeo ya Naivasha, walikowalinganisha kondoo wa mbari mbalimbali: Merino, Corriedale, Hampshire, Dorper, Blackhead Persian na mwekundu wa Kimaasai. Mwekundu ndiye aliyeshinda katika kuukataa mnyoo huo. Hata hivyo idadi ya wanyama ilikuwa ndogo, na jaribio dogo katika jenetiki ni dokezo tu. Huenda wale wachache walitoka kwa baba mmoja hodari.

Hapa ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ukimchukua Dorper wa shamba la tajiri anayenyweshwa dawa kila mwezi, kisha ukamchukua mwekundu wa boma lisilowahi kuona dawa, ukawapima, hujalinganisha kondoo. Umelinganisha wenye kondoo. Ili kujua kilicho cha damu na kilicho cha malezi, lazima mbari zote zizaliwe msimu mmoja, zile malisho mamoja, zichungwe na watu wale wale, na kila mbari iwe na madume wengi wa kutosha ili dume mmoja asiibebe mbari nzima begani. Lazima pia chotara wawepo, wa kila upande. Kisha lazima urudie mwaka wa pili, kwa sababu mvua ya mwaka wa kwanza huenda ilikuwa ya ajabu. Na wa tatu. Diani walirudia miaka sita.

Kuhesabu mayai kwenyewe hakuna uchawi. Unapima gramu chache za kinyesi, unakikoroga katika maji yaliyokolezwa chumvi ili mayai yaelee, unachuja, unatia tone katika kioo chenye mistari ya vyumba, unachungulia kwa hadubini na kuhesabu moja moja. Jumla unaizidisha kupata idadi ya mayai kwa gramu. Damu nayo huwekwa katika mrija mwembamba na kuzungushwa kwa kasi mpaka seli nyekundu zijikusanye chini, kisha unapima zimechukua asilimia ngapi ya mrija. Vipimo viwili tu. Mayai yanakwambia kondoo amebeba minyoo kiasi gani, na damu inakwambia minyoo hiyo imemgharimu nini.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyosikika. Kuna kondoo mstahimilivu, anayebeba minyoo tele na bado ananenepa. Kuna kondoo mkinzani, ambaye mwili wake huizuia minyoo isitulie ndani au isitage sana. Mfugaji akiangalia kwa macho, wote wawili ni wazima. Lakini mstahimilivu anawamwagia wenzake mayai malishoni kutwa kucha, ilhali mkinzani anaisafisha nyasi kila anapojisaidia. Uzuri wa mkinzani unamfaa hata jirani yake asiye na ukinzani wowote.

Matokeo ya Diani yalikuwa wazi kuliko kawaida ya fani hii. Wanakondoo wekundu walikuwa na mayai machache kuliko Dorper, damu yao ilikuwa bora, na walikufa wachache zaidi. Majike wekundu nao walikuwa hivyo hivyo, hata katika kile kipindi cha hatari cha kuzaa na kunyonyesha, ambapo kinga ya mama hushuka na mayai kupanda ghafla, sawia na watoto wanapoanza kung'ata majani ya kwanza. Dorper aliyekua alikuwa mzito kuliko mwekundu, hilo halikubadilika. Ila ukipiga hesabu ya kundi zima, ukajumlisha waliozaliwa, waliokufa, waliofikia kuuzwa na chakula kilichowalisha, kundi la wekundu Pwani lilizaa matunda mara kadhaa zaidi ya kundi la Dorper. Mbuzi nao walijaribiwa katika shamba hilo hilo, na huko pia mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki alimshinda Galla mrefu kwa kuikataa minyoo.

Anayetafuta ushindi wa kienyeji dhidi ya kigeni angeweka kalamu chini hapo. Matokeo ya nyanda kavu hayamruhusu. Kondoo wa mbari hizo hizo walipolinganishwa katika nyanda kame za bara, ambako viluwiluwi hukauka juani kabla ya kuliwa, ubora wa mwekundu ulififia, na tija ya makundi mawili ikakaribiana. Ukinzani dhidi ya minyoo ni mali mahali penye minyoo. Mtaalamu anayekwambia mbari fulani ni bora, bila kukwambia ni bora wapi na kwa matunzo gani, amekuuzia nusu ya jibu, na maofisa waliosambaza Dorper katika miaka ya 1970 walinunua nusu hiyo kwa fedha za umma.

Jambo lingine lililoibuka Pwani lilihusu dawa. Mwaka 1995 timu hiyo hiyo, chini ya Mwamachi wa kituo cha Mtwapa cha KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, ilichapisha ushahidi kwamba minyoo ya kondoo na mbuzi wa Pwani ya Kenya ilikwisha kuzizoea dawa za zaidi ya kundi moja. Mfugaji ananywesha, analipa, na minyoo inaendelea. Kuanzia hapo hoja ya kumchagua kondoo anayejitetea ikawa na maana kwa mfuko wa mfugaji.

Kwa wasioifahamu kazi hii, inafaa kueleza kwa nini miaka sita si mingi. Mimba ya kondoo huchukua miezi mitano. Ukiongeza muda wa mtoto kukua, kupandishwa na kuzaa, na ukikumbuka kwamba majike huzaa mara kadhaa katika umri wao, kizazi kimoja cha kondoo ni miaka mitatu hadi minne. Mtafiti anayeanza kazi akiwa na miaka 28 na kustaafu akiwa na 60 ataona vizazi tisa hivi, kama bajeti haikukatwa na ukame haukumaliza kundi. Mwenzake wa ng'ombe ataona vitano au sita. Tena si kila anachokipima kinarithiwa. Katika tafiti za kondoo duniani, wastani wa robo hivi ya tofauti za idadi ya mayai kati ya kondoo wa kundi moja hutokana na kurithi. Zilizobaki ni za malisho, umri, bahati na makosa ya mhesabuji. Robo inatosha kuchagua madume, ilmradi uwe na subira na daftari lisiliwe na mchwa.

Subira hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1992, utafiti wa Diani ukiwa bado mchanga, watafiti walizunguka Kenya na sehemu za kaskazini mwa Tanzania kutafuta kondoo wekundu safi ili kuanzisha kundi la akiba. Walipata wachache mno. Hata kundi dogo lililokusanywa, vinasaba vilipochunguzwa baadaye, lilionekana kuwa na chembe za damu ya nje. Kwa hiyo wakati sayansi inakusanya namba za kuthibitisha thamani ya mbari hii, mbari yenyewe ilikuwa inayeyuka mazizini, tangu enzi ya ruzuku, kwa hiari ya wenyewe. Sidhani ni haki kuwalaumu wafugaji. Walipewa dume zuri kwa bei nafuu, na kila msimu uliofuata waliamua kama mfanyabiashara yeyote angeamua.

Baker alikuja wakati wa Kituo cha Kimataifa cha Mifugo Afrika, ILCA, ambacho katikati ya miaka ya 1990 kiliunganishwa na ILRAD, maabara ya magonjwa ya wanyama ya Kabete, kuunda ILRI, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Muungano huo uliwakutanisha watu wa zizini na watu wa vinasaba. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida kwa zama zile: jeni ya ukinzani iko wapi? Chotara wa mwekundu na Dorper walipandishwa tena kwa wazazi wa pande zote mbili, wakaambukizwa, wakahesabiwa mayai, na vinasaba vyao vikachambuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na jina la Baker likiwa bado miongoni mwa waandishi. Hapakuonekana jeni moja ya kuikamata na kuihamisha. Palionekana maeneo kadhaa katika kromosomu mbalimbali, kila moja likichangia kidogo. Wapenzi wa muujiza walivunjika moyo. Kwangu hilo linaeleza kwa nini mwekundu amedumu: mnyoo unaweza kuvunja mlango mmoja kwa haraka, lakini hapa milango ni mingi.

Nilipokuwa nikisoma makala za tafiti hizi kwa mpangilio wa miaka, nilijikuta nikifuatilia majina ya katikati, yale ambayo msomaji huyaruka. Mugambi, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Muguga miaka ya 1990 akiwaambukiza wanakondoo wa mbari hizi mbili dozi ndogondogo za minyoo ili aone nani atashindwa, yumo pia katika makala ya vinasaba ya 2013. Audho, aliyekuwa miongoni mwa watu wa Diani, anaonekana katika makala za mbuzi za 1998, za kondoo za 2003, na tena katika zile za Kajiado karibu miaka 20 baada ya Diani kufungwa. Mkuu wa mradi huja na kuondoka kwa mkataba. Anayejua kwamba kondoo fulani ni mwana wa jike fulani aliyekuwa na tabia ya kuruka ua ni mwingine, na jina lake huwa la tatu au la nne.

Makala hizo za Kajiado, zilizotoka 2016 na 2017 chini ya watafiti wa Sweden na ILRI, zilifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa miaka 40 kabla. Ziliwauliza wafugaji wanataka kondoo gani. Majibu hayakulingana. Isinya, ambako barabara ya Nairobi iko karibu na mnunuzi anapita, wengi walimpenda Dorper kwa ukubwa na kasi ya kukua. Amboseli, ambako ukame wa 2009 ulikuwa haujasahaulika, mwekundu alipewa sifa ya kuvumilia njaa na kiu. Wafugaji hawa hawakuwa wamesoma jedwali lolote la Diani. Walifika kwenye hitimisho la namna ile ile kwa njia ya hasara: mbari hutegemea mahali.

Katika nyanda hizo mfugaji mwangalifu anaweza kupanga hivi: majike wawe wekundu, dume la kuzalisha wa kuuza liwe Dorper, na chotara wote wa kiume waende sokoni. Kwa hesabu za jenetiki ni mpango mzuri, maana unavuna ugumu wa mama na nyama ya baba kila msimu. Una tundu moja. Majike wekundu huzeeka, na wa kuwarithi hawatoki kwa dume la Dorper. Lazima awepo mtu, mahali fulani, anayepandisha mwekundu kwa mwekundu mwaka hadi mwaka, anayeandika nani ni mwana wa nani, na anayekubali kwamba wanakondoo wake wa kiume watafika mnadani wakiwa wadogo kuliko wa jirani. Mnunuzi wa mnadani hamlipi kwa mayai ya minyoo ambayo kondoo wake hawakuyatoa. Sasa ILRI ina wekundu wake katika shamba la Kapiti, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, na kundi hilo linaweza kulea madume. Majike wa kuwatosha wafugaji wa Kajiado hadi Amboseli, hilo shamba moja haliwezi.